Alama za Mzee Breki

Mwaka nilioolewa, wifi yangu alinitembeza nyumba nzima. Hapa jiko, hapa stoo, hapa bafu, hilo bomba usilikaze sana litabaki mkononi. Tulipofika uani, mbele ya banda la bati lenye kufuli mbili, akasimama na kukunja mikono.

"Na hapa," akasema, "hapakuhusu."

"Kuna nini?"

"Gari la Baba. Hata mimi, mtoto wake wa kumzaa, siingii."

Nilidhani ananitania mgeni. Hakuwa akinitania.

Baba mkwe wangu watu wanamwita Mzee Breki, jina alilopewa na wenzake wa mashindano kwa sababu hakuwa akizigusa. Miaka thelathini aliendesha gari la kusambaza mkate, polepole kama aliyepakia mayai, na hakuna askari aliyewahi kumsimamisha. Lakini Jumapili moja kila mwezi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na gari dogo la mbio la viti viwili, halina paa, rangi ya kijani ya chupa. Alilinunua likiwa mzoga, sakafu imeoza, kuku wametaga chini ya usukani. Aliyelifufua pamoja naye ni shemeji yake, kaka wa mama mkwe, fundi wa injini ambaye sisi wote tunamwita Mjomba. Ilichukua miaka miwili. Breki akaendesha, Mjomba akakaza, na Mama akasimama kando ya barabara ya uwanja wa zamani wa ndege, saa mkononi, mume wangu akiwa tumboni mwake miezi saba, akiwapigia kelele sekunde walizotumia.

Kila mtu katika nyumba hii ana hadithi yake ya gari hilo. Mume wangu anakumbuka kubebwa mapajani, upepo ukimziba pumzi. Wifi anakumbuka kutapika juu ya kiti cha ngozi na kufundishwa kukisafisha mwenyewe. Mama anakumbuka vumbi tu, vumbi kwenye nepi, vumbi kwenye chai. Na hadithi zote hukatikia mahali pamoja. Ukiuliza "halafu?", mtu anainuka kwenda kutazama kama mlango umefungwa.

Halafu ni hii, nami niliipata kwa vipande. Katika mashindano ya mwisho tairi la mbele lilichomoka kwenye kona. Baba akavunjika mfupa wa bega. Alipotolewa kwenye mtaro, bado ana mchanga mdomoni, alimnyooshea Mjomba kidole mbele ya umati na kusema shemeji yake amelipwa na wapinzani alegeze nati. Mjomba hakujibu. Aliokota sanduku lake la spana akaenda zake, na hakukanyaga tena nyumba ya dada yake kwa miaka kumi na tisa. Mama alimwona kaka yake misibani na hospitalini tu.

Tangu siku hiyo Baba hamwamini mtu. Spana zake anazihesabu asubuhi na jioni. Turubai la gari analifunga kwa fundo alilolibuni mwenyewe, ili likifunguliwa na mwingine ajue. Mtu akilisifia gari, anamuuliza, "Wewe umejuaje kama lipo hapa?" Muuza maziwa aliwahi kuchungulia tu kwenye tundu la bati, na kuanzia hapo tunanunua maziwa dukani.

Basi mwaka huu wakamwalika kwenye mbio za magari ya zamani. Ana miaka sabini na moja. Nilimwona akiisoma barua ile jikoni mara tatu, halafu akaigeuza kutazama nyuma, labda kuna kitu wamemficha. Alikubali. Ila injini ilikataa kutulia. Inawaka, inakohoa, inazima. Mafundi watatu walikuja, na wote watatu walikaguliwa mifuko wakati wa kutoka.

Mama alikuwa anakunja nguo aliposema, kama anayejisemea, "Kabureta ile yupo mtu mmoja tu anayeijua."

Kesho yake Baba akasema, "Aje. Lakini simwachi peke yake."

Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, Mama aliamka akavaa gauni lake la kutokea, na hakuwa na pa kwenda. Alifagia ua uliokwishafagiwa. Nikaelewa kwamba kwake yeye haikuwa habari ya gari hata kidogo. Kama siku hii ingepita salama, angekuwa na kaka tena. Kama isingepita, basi tena.

Mjomba alikuja saa tatu, mwembamba, kofia mkononi. "Shemeji," akasema.

"Shemeji," Baba akajibu. Hawakupeana mikono. Wakaingia bandani, mmoja akimtazama mwenzake, na mwenzake akiitazama kabureta.

Mpaka adhuhuri injini ilikuwa inaguna vizuri kama paka aliyeshiba. Walitoka nje kuisikiliza kwa mbali, wakabishana kidogo, Baba akaenda kunawa, Mjomba akarudi kuchukua kofia yake. Kufuli zilikuwa zinaning'inia wazi. Ni hapo mwanangu aliponitoka.

Mwanangu ana miaka miwili na tunamwita Tumbili, na hakuna haja ya kueleza. Nilimtafuta chini ya kitanda, nyuma ya pipa. Nikamkuta bandani amechuchumaa kando ya gari, chupa yangu ya rangi ya kucha imefunguliwa mkononi, nyekundu kwenye vidole, nyekundu kwenye tumbo. Na kwenye nati za tairi mbele yake, mistari myekundu.

Nikatazama tairi jingine. Mistari. Jingine tena, mistari. Ningejiuliza mtoto wa miaka miwili anawezaje kuchora mstari ulionyooka hivyo, ningepumzika. Sikujiuliza. Nilijiona tu mkwe wa mwaka wa tatu ambaye mtoto wake amechafua gari lisiloguswa. Nikakimbia ndani, nikarudi na dawa ya kutolea rangi na kitambaa, nikafuta haraka haraka, nati kwa nati, Tumbili kwapani. Matairi matatu. La nne, la nyuma kushoto, lilikuwa limebanwa na meza ya kazi, mkono wangu haukufika, nikasema moyoni hata Tumbili hakufika. Nikatoka. Wifi alikuwa dirishani kwake. Sikujua ameona nini.

Nilikuwa namwogesha mtoto nilipomsikia Baba.

"Nani kafuta alama zangu?"

Tukajikuta wote uani. Baba alikuwa mlangoni mwa banda.

"Jana nimekaza kila nati. Nikachora mstari, nati hadi rimu, kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Nati ikizunguka, mstari unakatika, najua kuna mkono. Sasa mistari haipo. Haipo!"

Sikuwahi kuingia mle kabla ya siku ile. Sikujua kwamba kuna alama.

"Nani alibaki ndani?" Baba aliuliza, lakini macho yake tayari yalikuwa kwa Mjomba.

"Nilifuata kofia," Mjomba akasema.

"Kofia."

"Kofia, shemeji. Hii hapa."

"Safari hii wamekupa kiasi gani? Au bei imepanda?"

Mume wangu akasema, "Baba, ngoja kwanza."

"Nangoja nini? Nivunjike na bega la pili?"

Wifi akainama sikioni kwangu. "Nilisema mimi. Damu haibadiliki." Kisha akanikazia macho. "Na wewe mbona umelowa hivyo?"

Nilikuwa namtazama Mama. Alikuwa anaikunja mikono ya gauni lake, mmoja baada ya mwingine, kama anayejiandaa kurudi kazini. Mjomba naye alikuwa ameshainama kushika mpini wa sanduku lake, vilevile, nadhani, kama alivyoinama siku ile.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Nikarudia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia katika nyumba ile. "Baba, ni mimi nimefuta. Nilidhani ni Tumbili amechora. Alikuwa na chupa yangu ya rangi."

Baba alinisogelea, akanikagua uso. Nikajua haniamini.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Baba."

"Mmekaa jikoni mkapanga." Akamgeukia Mama. "Umemwomba mtoto wa watu aseme uongo kwa ajili ya kaka yako."

"Ana huruma huyu," wifi akasema, "anaweza kubeba hata mzigo usio wake."

Nilimwonyesha Baba kitambaa chenye wekundu. Akakinusa. "Kitambaa chochote kinaweza kupakwa." Nilimwonyesha wekundu kwenye tumbo la Tumbili. Tumbili akacheka. Baba hakucheka.

Hapo nikakumbuka. "La nyuma kushoto, Baba. Meza imelibana, sikufika. Nenda ukatazame. Mtu wa kulegeza nati angeanza na lile, maana halionekani."

Alichukua tochi. Tulimwangalia akipiga magoti, kisha akilala kabisa chini, suruali yake safi kwenye mafuta. Tuliona nyayo zake tu. Alikaa huko mpaka mume wangu akataka kumfuata.

"Ipo," ikasema sauti kutoka chini ya meza. "Yote minne. Haijakatika."

Alipotoka alikuwa na vumbi kwenye nyusi. Hakuniomba radhi, wala sikutegemea. Alimtazama Mjomba.

"Haya, leo ni mtoto. Na mwaka ule? Alama zilifutwa pia mwaka ule. Tumbili alikuwa hajazaliwa."

Mjomba aliuachia mpini wa sanduku.

"Mwaka ule nilifuta mimi," akasema.

Mume wangu akavuta pumzi. Mama akafumba macho.

"La mbele kulia. Mstari mmoja ulikuwa umekatika, nikaifuta yote, nikazilegeza nati ili nizikaze upya. Ukaniita. Magari yanapangwa, njoo sukuma. Nikaja nikasukuma. Sikurudi kwenye zile nati. Nilikumbuka ulipokuwa umeshafika kona ya tatu."

"Miaka kumi na tisa," Baba akasema. "Hukufungua mdomo."

"Hukuniuliza kama nimesahau. Uliniuliza nimelipwa kiasi gani. Mbele ya watu wote wale. Ningekwambia nimesahau, ungeniamini?"

Baba alifikiri. Nampenda kwa hilo, kwamba alifikiri kwanza.

"Nisingekuamini."

"Basi."

"Kwa hiyo," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa kavu, "mimi nimekaa bila ndugu kwa ajili ya nati nne. Mmoja kasahau, mwingine kasusa. Wanaume wazima." Akaingia jikoni, tukasikia sufuria zikigongana zaidi ya ilivyohitajika.

Baba aliingia bandani akatoka na spana kubwa. Akamnyooshea Mjomba.

"Kaza zote. Nasimama hapa hapa natazama."

"Simama. Ila usiniite kabla sijamaliza."

Mume wangu alicheka, akajifanya anakohoa. Mjomba alikaza nati kumi na sita, polepole, akizitaja moja moja kwa sauti. Kila alipomaliza tairi, Baba alichukua spana akazijaribu tena mwenyewe, mara mbili. Hakuna iliyosogea. Niliona analitazama lile la mwisho kwa muda mrefu kuliko mengine, kama aliyetamani kidogo nati moja isogee.

Mama akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Kaka, utakula?"

Mjomba alimtazama Baba.

"Umeulizwa wewe," Baba akasema. "Unanitazama mimi, nimeshika sahani?"

Mjomba akanawa, akaingia. Baba alifunga kufuli zote mbili, akazivuta kuona kama zimeshika, akaja mezani. Viti vilikuwa vingi, lakini alimwinua wifi kwenye kiti chake, akakaa yeye pale ambapo unaona mlango wa banda na mikono ya shemeji yake kwa pamoja.