Kipande cha Mkate Mfukoni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba Meza ya Bwana ni mtihani. Baada ya kubatizwa nilikaa miaka miwili bila kula mkate wake. Kila Jumapili ya Meza nilijichunguza, nikakuta uongo mdogo au wivu, nikaacha sahani ipite.

Papa, baba yangu, alikuwa shemasi wa kanisa letu dogo upande wa Mabalako, mashariki mwa Kongo. Yeye ndiye aliyekata mkate, akakamua marakuja, yaani pasheni, kwa ajili ya kikombe, maana divai haikufika kwetu. Akinifikia alinong'ona, "Leo umeiba mbuzi ya nani?"

"Hapana, Papa. Siko tayari."

"Donc, basi, mukate itaota ndevu ikikungoja."

Sikuwa na mwalimu. Nilijifunza peke yangu, kwa Biblia ya Papa na daftari. Ukurasa wenye kosa niliuchana. Niliandika habari zote za Pasaka: mwana-kondoo, damu mlangoni, mkate usiotiwa chachu. Nilijua kwamba Yesu alikuwa kwenye karamu hiyo alipomega mkate na kusema ni mwili wake. Nilijua yote.

Risasi zilianza Jumapili ya Meza, katikati ya wimbo. Waasi walikuwa wanagombania barabara ya Beni. Watu walikimbilia nyumbani kuchukua masufuria na watoto. Papa alisimama njiani na sahani yake, akimpa kipande kila aliyepita. Mama alikula chake akiwa na mzigo kichwani.

"Kamata," Papa aliniambia.

"Papa, asubuhi nilimujibu Mama mubaya. Sijamuomba musamaha."

Mama alisikia. "Mimi nilishasahau. Kula, tuende."

Nilitikisa kichwa. Papa hakukasirika. Alitia kipande kile katika mfuko wa shati langu. "Basi, utakula kule mbele." Kisha akarudi kumchukua nyanya yangu, ambaye hakuweza kutembea.

Sisi wengine tulikimbilia mjini Butembo, tukawangoja huko. Juma la pili jirani yetu alifika. Watu walikuwa wamewakuta wote wawili wamekufa kandokando ya njia. "Alikuwa amemubeba ku mugongo," alisema.

Mkate ulikuwa bado mfukoni. Nilikuwa nimeutunza ili niule mbele ya Papa. Ulikuwa umeota ukungu mweupe, kama ndevu.

Miezi ilipita kabla sijafungua tena sura ile ya Pasaka. Mstari mmoja nilikuwa nimeupigia kistari kwa rula mimi mwenyewe: Waisraeli wamle mwana-kondoo wakiwa na viatu miguuni na fimbo mkononi, wamle haraka. Hakuna aliyewauliza kama mioyo yao iko safi. Walikuwa watu wanaokimbia, na Mungu aliwalisha. Sisi pia tulikuwa njiani, viatu miguuni, na Papa ameshika sahani. Mimi nilikataa.

Bado ninajichunguza sahani ikinifikia. Bado ninayahesabu makosa yangu. Lakini siku hizi ninakula.