Mzee Aliyemfungia Mama Yangu Meza ya Bwana

Mama yangu alitengwa kanisani kwa sababu ya maharagi. Nasema hivyo wazi kwa kuwa kuna watu wa kwetu Bihambwe, Masisi, ambao mpaka leo wanasema alitengwa kwa kiburi, na wengine wanasema kwa uchawi. Hapana. Yalikuwa maharagi.

Nilikuwa msichana mkubwa, karibu ya kuolewa. Tulikuwa tumevuna shamba letu la mteremkoni, na mama alianika maharagi uani juu ya turubai, akaenda ibadani bila wasiwasi kwa sababu asubuhi ile kulikuwa na jua. Katikati ya mahubiri mbingu ikafunga. Anayejua Masisi anajua mvua yetu, haikupi nafasi ya kufikiri. Mama akasimama, akapita kati ya mabenchi ameinama kwa adabu, akatoka. Nikamfuata. Tulikusanya yale maharagi huku matone ya kwanza yakitupiga mgongoni, tukayaingiza ndani, tukajifuta nyuso, tukarudi kabla ya wimbo wa mwisho. Njiani mama alikuwa akicheka. Chakula chetu cha msimu mzima kilikuwa kimepona.

Aliyehubiri siku hiyo alikuwa mzee wa kanisa, mkulima kama sisi, ila mwenye sauti nzito na neno la mwisho kila mahali. Pasta alisimamia makanisa mengi na alitufikia mara chache, kwa hiyo aliyetuongoza kweli alikuwa huyo mzee. Sheria zote zilitoka kwake. Mwanamke asisuke nywele. Msichana asivae heleni. Mkristo asikae kwenye kilio penye pombe ya ndizi, hata kama aliyekufa ni ndugu yake wa tumbo moja. Siku ya Bwana jembe lisiguswe, kinu kisisikike, kuni zisipasuliwe. Sikumbuki hata mara moja akitusomea hayo kutoka katika Maandiko. Yalitoka kinywani mwake, nasi tukaitikia amina.

Ibada ilipokwisha alimsimamisha mama mbele ya watu wote na kumtaka aungame. Mama alimwangalia bila hasira.

“Papa,” akasema, “kama nilikosea Mungu nitaungama. Lakini kuokota maharagi, zambi iko wapi?”

Mzee alijibu kwamba zambi ni kumwacha Mungu akizungumza na kukimbilia tumbo. Akampeleka kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, walipokaa wasichana waliopata mimba wakiwa bado kwa wazazi wao na baba mmoja aliyeonekana ameshika chupa. Akamkataza Meza ya Bwana mpaka siku atakapoungama.

Mama hakuungama, na wala hakuacha kuja. Aliketi kwenye benchi lile miaka yote iliyobaki ya maisha yake, na aliimba kuliko watu wa mbele. Siku za Meza, sinia la mkate lilipokaribia nyuma, mzee aliligeuza na kurudi nalo. Niliuangalia mkono wake kila mara. Nyumbani nililia kwa hasira, na mama alikuwa akiniambia nisijichoshe, maana meza ile ni ya Yesu, si ya mzee, na iko siku mzee atachoka. Hakuchoka.

Mama alikufa kwa kifua, kipindi cha baridi. Mjomba wangu alikwenda kumwomba mzee mwili uingizwe kanisani na korali iimbe. Mzee akasema aliyekufa akiwa ametengwa haingizwi kanisani, wala haimbiwi. Basi tulimzika pembeni ya shamba, sisi wa ukoo peke yetu. Wanawake aliolima nao tangu ujana walisimama mbali, njiani, wakiogopa kuonekana. Nilijaribu kuanzisha wimbo, sauti ikakataa. Sikulia. Niliangalia ng'ambo ya bonde, kwenye nyumba ya mzee, na nikamwambia Mungu kwamba kabla sijafa nataka kusikia mdomo wa mtu yule ukisema mama yangu hakutenda zambi. Wengine huomba wasahau. Mimi niliomba nisisahau, na nilisikiwa.

Ndoa ilinipeleka Walikale. Mume wangu alikuwa mchimbaji wa kasiterite, mawe ya bati, kule Bisie, wakati watu bado wanachimba kwa mikono. Mashine zilipoingia, yeye alirudi kwenye jembe, tukakaa Mpofi, nami nikafungua meza ya kuuzia mafuta ya mawese na chumvi kando ya barabara.

Kanisa letu la Mpofi ni la mbao. Pasta wake alikuwa kijana mpole aliyependa kurudia jambo moja: Kristo ametuweka huru, na mtu anayeweka mlango mahali Kristo alipoutoa anamwibia Kristo. Mwanzoni nilimsikiliza kwa ajili ya kisasi tu. Kila alipotuonyesha mahali katika Maandiko panapozungumza juu ya uhuru, nilipaweka akilini kama mtu anayekusanya mawe. Kisha ikafika Jumapili ya Meza, nami nilikuwa nimesuka nywele. Nilikwenda mbele hivyo hivyo. Hakuna aliyeangalia kichwa changu. Nilipewa mkate kama wengine, nikala, nikarudi kuketi na kulia, na jirani yangu akadhani nimeguswa na Roho. Nilikuwa nimekasirika. Kumbe ilikuwa rahisi hivi. Kumbe mama angeweza kula miaka yote ile.

Baadaye wanakanisa walinichagua kuwa shemasi, kazi yangu ikawa kubeba sinia.

Vita viliporudi Masisi, watu walishuka kwa barabara yetu na magodoro kichwani. Mchana mmoja mtu alisimama mezani kwangu akaomba maji, na kabla sijainua macho niliitambua sauti. Alikuwa yule mzee wa kanisa, amekonda, na mke wake amejiegemeza kwenye mti wa umeme uliokufa zamani. Yeye hakunitambua. Niliwapa maji bila kusema mimi ni nani. Kama nasema kweli, nilifurahi. Nilimshukuru Mungu kwamba kati ya vijiji vyote vya Walikale alimleta huyu mtu kwangu.

Jumapili iliyofuata, nikielekea kanisani, nilimkuta juu ya kibanda walichojijengea hapo Mpofi anafunga turubai kwa kamba, mikono imejaa matope. Mvua ilikuwa imemlowesha mke wake, naye alikuwa na homa. Kengele ilikuwa inalia. Nilisimama barabarani na kumsalimia.

“Papa, kazi.”

“Kazi iko, mama,” akajibu, bila kugeuka.

Niliingia kanisani nikiimba.

Jumapili ya pili yake alikuja kuomba kupokelewa. Kwetu mgeni husimama mbele, na mtu anayemfahamu humsemea. Pasta akauliza nani anamjua huyu papa. Nikainuka, nikasema mimi ninamjua, tunatoka kilima kimoja, lakini kabla ya kumsemea nina swali. Nikamwuliza Jumapili iliyopita, wakati wa ibada, alikuwa wapi.

Alisema ukweli, hilo silikatai. Alieleza juu ya mvua, mke wake na turubai.

“Ilikuwa zambi ao hapana?” nikauliza.

Aliniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Nikaona anatafuta sura yangu kichwani mwake, kisha akaipata. Nadhani aliona sura ya mama, maana tunafanana. Mikono yake ikaanza kuhangaika na kofia. Pasta akataka kuingilia, nikamwomba aniache kwanza.

“Ujibu, Papa. Ukisema ilikuwa zambi, nitaomba usiguse Meza mpaka kufa, sawa na vile ulifanya. Ukisema haikuwa zambi, useme pia juu ya mama yangu. Utaje jina lake.”

Mke wake, aliyekuwa ameketi karibu na ukuta kajifunika kitenge, ndiye aliyemwambia polepole kwa Kihunde, lugha ya kwetu, aseme. Naye akasema. Alisema kumkinga mgonjwa na mvua haikuwa zambi. Kisha akataja jina la mama yangu, jina lake lote, na kusema kwamba kuokota maharagi nayo haikuwa zambi, kwamba yeye mwenyewe aliitunga hiyo sheria.

Alipokelewa, nami nilidhani nitatulia. Sikutulia. Watu wa Mpofi hawakumjua mama, na waliopaswa kusikia walikuwa wale waliosimama njiani siku ya maziko. Barabara ya kupanda Masisi ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo siku ya soko nilikwenda kibandani kwake na telefone yangu, nikamwambia arudie maneno yale, nitayatuma. Alinisihi nimwache. Alisema yeye ni mzee, amepoteza ng'ombe, nyumba na shamba, amebaki na heshima tu kwa watu wa kwao. Nikamjibu kwamba mama yangu naye alikuwa nayo.

Alirudia yote kwa Kiswahili, kisha kwa Kihunde, akikohoa katikati. Nikaituma sauti kwa mjomba, naye akaituma mbele. Ilipita kwenye telefone za Bihambwe na kwenye kambi zote ambako watu wetu wametawanyika. Wanawake walianza kunitumia sauti zao. Mmoja alikuwa amekaa benchi la nyuma kwa ajili ya heleni. Mwingine alikatazwa kulala kwenye kilio cha baba yake mzazi. Mmoja alilia tu, akakata.

Wazee waliobaki Bihambwe hawakufurahi. Walikuwa watu ambao mzee huyu mwenyewe aliwafundisha tangu ujana wao. Walimtumia jibu, na mzee akaja nalo mezani kwangu ili nimsikilizishe, maana hakujua vizuri kutumia telefone. Walisema amepotosha kundi, ametengwa, asihesabiwe ndugu mpaka atubu. Akaomba nirudishe nyuma asikilize tena. Kisha akakaa juu ya dumu tupu la mafuta.

“Papa,” nikamwambia, “njo vile inaumaka, kutengwa.”

Alilia mbele ya wateja. Sikumshika bega. Niliendelea kumimina mafuta.

Pasta alipopata habari alikuja nyumbani. Aliniambia mzee aliwatenga watu na Mungu kwa sheria zake, nami namtenga mtu mmoja na Mungu kwa hasira yangu, na Kristo hakufa kwa ajili ya hilo wala lile. Alisema kwa upole, na mume wangu akatikisa kichwa akikubaliana naye. Niliwaambia huenda ni kweli. Niliwaambia pia kwamba wao hawakuzika mama pasipo wimbo.

Hata hivyo kuna kitu sikukifanya. Siku ya Meza nilifika na sinia mahali alipokaa, na nilikuwa na uwezo wa kupita. Nilisimama. Hakuinua mkono. Alidhani amekatazwa, na kwa jinsi alivyoinamisha kichwa nikajua anaiamini bado ile sheria yake, hata sasa inapomkata yeye. Nikamwambia achukue. Akachukua. Sikufanya hivyo kwa kumhurumia. Nilikuwa nimeapa tangu usichana wangu kwamba mkono wangu hautafanana na wake.

Mke wake amepona, na sasa ananunua chumvi kwangu, tunasalimiana vizuri. Na mzee mwenyewe tumepatana jambo moja. Barabara ikifunguka tutapanda pamoja mpaka Bihambwe, naye atasimama kaburini, mbele ya watu wa kilima, na kusema kwa mdomo, si kwa telefone. Korali nitaitafuta mwenyewe, hata kama ni ya wanawake waliotengwa peke yao. Anazeeka haraka, na siku hizi kifua kinamsumbua. Kila asubuhi namwomba Mungu ampe uzima mpaka siku hiyo. Naomba kwa moyo wote. Sijui kama ni upendo.