Jiwe Lililopungua Gramu Ishirini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, soko halijachangamka, lakini Fundi Mizani ameshapiga magoti mbele ya meza ya muuza maharagwe. Anafuta sahani ya mizani kwa kitambaa, anaweka juu yake jiwe jipya la kilo, la chuma lenye kishikio, kisha anasubiri mshale utulie.

"Kilo moja na gramu ishirini!" anasoma kwa sauti.

"Sema taratibu basi, wateja watasikia," ananong'ona muuza maharagwe.

"Wacha wasikie, mama. Kosa ni langu. Mizani yako niliitengeneza vibaya."

Mama anacheka, halafu kicheko kinamkauka. "Kwa hiyo siku zote nilizoapa kwamba kilo yangu imetimia..."

"Imepungua gramu ishirini. Uliapa kwa kosa langu. Nisamehe."

Anakaza skrubu kwa bisibisi, anapima tena, anasoma tena kwa sauti: kilo moja kamili. Hachukui malipo. Hii ni mizani ya sitini na tatu tangu alipoanza mzunguko huu miezi mitano iliyopita.

Fundi ana miaka sitini na moja, na kazi hii ameifanya miaka thelathini na nne. Aliyemfundisha alimrithisha mambo mawili: jiwe la kupimia, na desturi ya kusoma mshale kwa sauti mbele za watu ili pasiwe na siri kati ya fundi na mwenye mizani.

Miezi mitano iliyopita alikuja mkaguzi wa vipimo na mawe mapya. Alipolipima lile jiwe la urithi, lilikuwa pungufu. Chini yake kuna tundu dogo lililozibwa kwa madini ya risasi ili uzito utimie. Risasi hiyo ilidondoka zamani, tundu likajaa vumbi na grisi, na fundi hakuwahi kuligeuza jiwe akaliangalia.

"Nilikagua mizani ya kila mtu, jiwe langu sikulikagua," anasema. "Nyani haoni kundule. Nyani mwenyewe ndiye mimi."

Mkaguzi alimwambia abadilishe jiwe, yaishe. Yeye alikwenda nyumbani, akafungua daftari lake la wateja, akaanza kuzungukia meza moja baada ya nyingine. Wapo waliompongeza. Wengi walimfukuza, maana gramu ishirini katika kila kilo ni tamu kwa muuzaji. Zamani alikuwa akihudumia wateja tisa kwa siku. Sasa akipata wawili anashukuru.

Lakini si hilo linalomkosesha usingizi. Linalomkosesha usingizi ni kaka yake.

Kaka yake mkubwa alikuwa mnunuzi wa karanga. Jumamosi moja, miaka kumi na moja iliyopita, wakulima wamejipanga na magunia yao, fundi aliweka jiwe lake kwenye mizani ya kaka. Mshale ukasimama kwenye gramu mia tisa na themanini. Alisoma kwa sauti, kama kawaida. Kisha akaongeza neno ambalo halikuwa la ufundi: "Kaka, mizani hii inawala wakulima."

"Nilijiona mtakatifu siku ile," anasema. "Nilijiambia kwamba haki haina ndugu."

Mizani ya kaka ilikuwa sahihi. Jiwe ndilo lililodanganya.

Wakulima walihamia kwa wanunuzi wengine. Kaka alikataa mizani yake iguswe, akaifunika gunia, akaanza kuuza chumvi na sabuni kwenye kibanda cha mwisho sokoni. Watu wakampachika jina: Mla Gramu. Na tangu siku ile hajamjibu mdogo wake hata salamu.

Wote wawili husali kanisa moja. Kila Jumapili, waumini wanapopeana mkono wa amani, kaka hugeukia upande wa pili. Fundi hushika mikono ya watu thelathini, akarudi kwenye chumba chake kimoja, akala peke yake. Mkewe alifariki bila kumpatia mtoto. Ndugu wa damu aliyebaki ni huyo mmoja.

Mchungaji alimwambia yaliyopita si ndwele, Mungu ameshamsamehe.

"Mungu ndiyo," anasema fundi. "Lakini aliyeitwa mwizi sokoni si Mungu, ni kaka yangu. Nikilia madhabahuni Jumapili, Jumatatu yeye bado ni Mla Gramu."

Muuza maharagwe, aliyekuwa akisikiliza, anamkatiza. "Sasa fundi, si ungeanzia kwake?"

Fundi anarudisha bisibisi mkobani. "Niliogopa, mama. Nikaanza na wepesi. Sasa daftari limeisha, amebaki yeye."

Saa tatu anapita mbele ya kibanda cha mwisho, mkoba begani. Mteja mmoja anaita kwa utani, "Mla Gramu, nipe sabuni!" Mzee mwenye mvi anaitika "Naam," ananyoosha mkono kuichukua. Fundi anaongeza mwendo mpaka geti la soko.

Anapanga kwenda Jumamosi hii, saa kama ya siku ile ya karanga, wakulima wakiwa wamejaa. Atamwomba kaka aitoe ile mizani kwenye gunia. Ataweka jiwe jipya na kusoma kwa sauti kubwa kuliko siku zote, kisha atawaambia watu nani alikosea.

"Nilimwaibisha mchana kweupe. Siwezi kwenda kumwomba radhi uchochoroni," anasema. "Halafu nitamwita jina alilopewa na mama. Hapa sokoni halijatajwa miaka kumi na moja."

Na asipoitika?

Fundi anahamisha mkoba kutoka bega moja hadi jingine.

"Nitamwita tena. Lile jina jingine, mimi ndiye niliyemzoesha kuliitikia."