Mkoba Juu ya Redio ya Upepo

Jamani, vijana wenzangu wa kijiji cha Natta walipokimbilia mashimo ya dhahabu, mimi nilipata kiti cha ukarani huko huko machimboni, Kewanja, kwenye kampuni ya magari ya kubeba wachimbaji. Nilikuwa bado kwenye majaribio. Mezani palikuwa na redio ya upepo: ukibonyeza kitufe cha kipaza sauti chake, unasikika kwenye magari yote.

Ijumaa asubuhi nikabwaga mkoba wangu juu ya kipaza sauti bila kuangalia. Redio ikanyamaza, nami nikafurahia utulivu. Nikamsimulia karani mwenzangu, Boke, jinsi bosi alivyosinzia kikaoni. Boke akacheka, nami nikavimba kichwa. Nikaigiza mkoromo wa bosi, pamoja na mluzi wake wa mwishoni.

Mara dereva mmoja akaingia mbio. "Dada, toa huo mkoba. Umebana kitufe, tunakusikia wote."

"Na bosi?" nikauliza huku nikiuvuta mkoba.

Kabla hajajibu, bosi mwenyewe akatokea nyuma yake, funguo za gari mkononi.

"Shikamoo," nikasema, nimenywea kama kuku aliyenyeshewa.

"Marahaba," akajibu taratibu. "Madereva walio mbali hawakusikia vizuri. Wanaomba urudie, hasa ule mluzi."