Mlango wa Mninga na Paka Wangu wa Igunga

Siku mlango ulipong'olewa tulikuwepo watu watano, na paka. Mimi mwenyewe. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliyeipanga ile nyumba hapa Itetemia. Mama mwenye nyumba, Mzaramo, mjane wa mtu wa reli, aliyeolewa Tabora akiwa msichana. Fundi seremala, mtoto wa kaka yake marehemu huyo wa reli. Na mwenyekiti wa mtaa. Majina yao ninayo yote, la fundi mpaka la babu yake, ila siyaandiki, maana bado tunachota maji bomba moja.

Paka alikuwa wangu. Nilimpandisha basi Igunga ndani ya kikapu, nikimkimbia mke wa mwanangu, ambaye tulikuwa hatupikiani tena. Mjukuu akanipokea. Akaniambia siku hiyohiyo, "Bibi, hapa ukae. Lakini mwenye nyumba akinitoa kwa ajili ya huyu paka, mimi nitahamia bweni la walimu, na wewe huko hawakupokei." Yaani Igunga tena. Nikamwambia paka wangu ana adabu.

Hakuwa nayo. Wiki ya kwanza tu alianza kunoa kucha kwenye mlango wa mbele, mlango wa mninga, mzito, mwekundu. Mimi kwa akili yangu nikaufunika kwa gunia la katani, nikalifunga kwa kamba juu kwenye komeo. Kumbe katani ndiyo anayoipenda. Akawa analipanda gunia kama mti, na kucha zinapenya mpaka kwenye mbao.

Mama mwenye nyumba akaja akaona. Akasema, "We Mnyamwezi, paka wako anakula mlango wangu."

Sasa, Mzaramo kwetu ni mtani. Wazee wetu walibeba mizigo kwenda pwani wakipita kwao, na tangu hapo tunasemana vibaya bila mtu kukasirika. Mtani akikutukana, ukinyamaza umemdharau. Nikamjibu, "Mzaramo gani ana mlango? Kwenu si mnaziba kwa makuti?" Akaguna, akaondoka.

Siku ya pili akarudi. "Jumamosi sitaki kumwona huyo paka. Nikimkuta, mnatoka wote."

Nikamwambia, "Nikitoka natoka na mlango kichwani. Umesahau wapagazi ni sisi?"

Hakucheka. Nilimwona hakucheka, nami nikachukulia anajua kutania bila kucheka, maana wapo watani wa hivyo. Mjukuu aliporudi shule nikamsimulia, akashika kichwa. "Bibi, ulimwomba radhi?" Nikasema mtu haombi radhi kwa mtani. Nilikosea hapo.

Jumamosi asubuhi mama mwenye nyumba akaja na fundi na mwenyekiti, wote kwa miguu. Paka alikuwa amelala kizingitini, kwenye jua. Fundi akafungua bawaba, akaunyanyua mlango, akaubeba kichwani. Mama mwenye nyumba akanitazama.

"Si ulitaka wa kubeba? Huyo amebeba."

Nyumba ikabaki wazi, kitanda changu kinaonekana barabarani, bodaboda wanageuza shingo.

Nikasema, "Wewe mwanamke huna haya."

"Haya nilikuwa nayo mara mbili nilipokuja kukuambia. Ukanijibu makuti."

"Nilidhani unatania."

"Huo mlango aliuranda marehemu mwenyewe, siku zake za likizo, mbao katoa Urambo. Nikutanie nao?"

"Basi ungeuweka chumbani kwako ukalala nao."

Mjukuu akaniambia, "Bibi, tafadhali." Mwenyekiti akamwambia fundi autue. Mwenyekiti mwenyewe akaupapasa, akasema alama ni tatu, ziko chini tu, randa inazitoa. Kisha akamgeukia mama mwenye nyumba: mkataba unasema mpangaji apewe mwezi, kwa maandishi, na mlango wa mtu anayeishi ndani haung'olewi. Akaamua hivi: mlango urudi, fundi aurande, na mwezi uhesabiwe. Ikionekana alama mpya hata moja, tutoke bila kesi.

"Na mimi nitakuja kuupapasa," mama mwenye nyumba akasema.

"Njoo hata na miwani," nikamwambia.

Mwezi huo nilifanya kazi kuliko msimu wa tumbaku. Gunia nililitoa mlangoni. Nilimtuma fundi, yuleyule, aniletee gogo la myombo lenye magome yake, nikalivalisha lile gunia, nikalisimamisha palepale paka alipozoea, kando ya kizingiti, nimelikaza kwa mawe lisiyumbe, likiyumba hataki. Mbao za chini nikawa nazisugua kwa maganda ya ndimu kila asubuhi, maana harufu hiyo haivumilii. Kucha nilimkata ncha tu kwa kikata kucha cha mjukuu, nimemviringisha kwenye kanga. Kwa haja zake nikamwekea karai la majivu uani. Alinikwaruza mikono yote miwili. Mlango hakuugusa.

Mwezi ulipoisha mama mwenye nyumba alikuja. Alipiga magoti, akapitisha kiganja kutoka komeo mpaka chini, akarudia, akanusa ndimu. Akainuka akipangusa magoti. Akamwambia mjukuu wangu, "Mwalimu, kaeni." Mimi hakunitazama.

Siku kadhaa baadaye tulikutana bombani. Akaanza yeye: "Mnyamwezi, leo huna mzigo kichwani, umeugua?" Watu wakageuka, wanasubiri nimrudishie. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, zuri sana.

Nikasema, "Salama tu, mama mwenye nyumba. Habari za nyumbani?"

Akasimama na ndoo yake. Alielewa kuwa utani nimeufunga. Tangu siku hiyo namsalimia hivyohivyo, kwa heshima zote, na yeye hanitanii tena. Paka analala kizingitini.

Waliokuwepo wakisoma hapa, na fundi najua atasomewa, wanisahihishe kama alama zilikuwa nne nami nakumbuka tatu, au kama mwenyekiti alikuja kwa baiskeli na si kwa miguu. Pengine hata yale ya makuti niliyasema siku ya pili, si ya kwanza. Waje waniambie, nitafuta niandike upya.