Mtu wa Nyuma mwenye Jezi ya Njano

Aibu hii sijamsimulia hata mke wangu, ambaye ananijua mpaka ninavyokoroma, kwa hiyo mkicheka chekeni taratibu.

Mimi, mtu wa vitabu na kitambi, nilikuwa coach wa kikundi chetu cha sport cha Jumamosi, cha kukimbia na kufanya mazoezi, pale mtaani Kamenge, kazi niliyoipenda kuliko uandishi (huko hakuna anayenipigia makofi), mpaka Espérance, mkubwa wa kikundi, aliponiambia mbele ya wote, "Coach, mazoezi yako iko kama maharage ya jana, unapasha moto tu. Jumamosi ingine ukikosa kitu mupya, tunatafuta mwengine."

Nilikuwa nimesoma kwamba mwalimu wa mazoezi akifumba macho na kuliona darasa lake kichwani, nyuso, jasho na yote, mazoezi mapya humjia yenyewe, basi kila jioni nikakaa kitini nikafumba, na kweli wanakikundi wakaja, wakajipanga, ila nyuma yao alisimama mwanamume wa jezi ya njano nisiyemjua, akifanya mazoezi ambayo sikuwa nimeyawaza. Hapo ndipo nilipopaswa kufumbua macho. Badala yake nikamwiga (kichwa ni changu, nilijiambia, basi na yeye ni wangu).

Jumamosi nikasimama mbele nikatangaza, "Zoezi hili nimelibuni mwenyewe!" nikazungusha mikono, nikachuchumaa huku mguu wa kushoto nimeukunja nusu tu, madoido yaliyonipendeza mno. Hakuna aliyecheka. Nikafumba macho kidogo nikumbuke hatua inayofuata, nikasikia viatu vikipiga chini kwa pamoja, paa, paa, na nilipofumbua, wanakikundi wa zamani walikuwa tayari wanaifanya hatua ambayo sikuwa nimewaonyesha, wakinikazia macho.

"We coach," Espérance akasema polepole, "hiyo ni mazoezi ya coach wetu marehemu. We ulikuja yeye alishakufa. Nani alikufundisha?"

Ningedanganya, lakini ulimi ukasema kweli: mtu wa jezi ya njano, wa kichwani. Walio karibu wakarudi nyuma, mmoja akafanya ishara ya msalaba, na Mama Divine, mjane wa marehemu, akanijia mpaka nikasikia pumzi yake.

"Hiyo mguu nusu si ubunifu, coach. Ni goti yake. Ilimuuma mpaka anakufa." Kisha akashusha sauti: "Umuulize, bado inamuuma?"

Espérance akakata shauri palepale: "Basi coach si wewe. We rudi nyuma, mupishe."

Tangu siku hiyo kikundi hukimbia nafasi ya mbele ikiwa wazi, mimi niko mwisho kabisa, na kila tukifika mlimani wote hupunguza mwendo kwa pamoja, bila mtu kutoa amri, kama vile aliye mbele goti linamuuma. Nimeapa sitafumba macho tena ila nikilala. Hata padri akisema tuombe, mimi huomba nikikikodolea macho kisogo cha aliye mbele yangu.