Meno ya Juu ya Sudi

Zafarani ikichanganywa na maji ya waridi, wenzangu, mimi huondoka. Hata iwe arusini, biriani inapakuliwa, nitajidai nakwenda kutazama watoto. Wengine harufu hiyo inawatia njaa. Mimi inanirudisha kwetu Mlingotini, kwenye sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani hiyo, mwalimu wa chuoni akiiosha kwa maji, na mdogo wangu Sudi akishikwa kichwa anywe kombe, nusu likimmwagikia kifuani kwa sababu mdomo haukufungika tena.

Sudi alikuwa mtundu kupita kiasi. Alikuwa akimwigiza muadhini wetu mwenye kikohozi mpaka baba, aliyeshika fimbo tayari, anageuka ukutani kuficha kicheko. Mwishoni mwa miaka ya hamsini, masika yalipokatika, shavu lake likavimba. Tukasema jino. Likang'olewa, na uvimbe ukazidi; meno mengine yakalegea, yakawa yanacheza kinywani. Jicho nalo likaanza kusukumwa juu. Nikawa namlisha uji wa mchele kwa kijiko kidogo, naye ananitazama kwa lile jicho zima kana kwamba mimi ndiye ninayemchelewesha kupona.

Shangazi hakutupumzisha. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema uani, tena kwa sauti. Alisema ovyo tu, hakujua lolote, lakini mama aliinama juu ya kinu asiinuke.

Maana mama alikuwa na siri. Sudi aliota meno ya juu kwanza. Nyinyi wa leo mtacheka, lakini kwetu mtoto wa namna hiyo ni kigego: ana kisirani, atawamaliza waliomzaa, na zamani hakuachwa aishi. Basi mama alimziba mdomo kwa upindo wa kanga mpaka ya chini yalipotoka. Kila mgeni akija, mtoto ana mafua. Jamani, nyumba yetu ilisifika kwa mafua! Hata baba hakujua. Nilijua mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba.

Sasa kinywa kilekile kinaharibika, mama aliamini amemuua mwanawe kwa mkono wake.

Kombe liliposhindwa tukaenda hospitali Bagamoyo. Siku hiyo alikuwapo daktari mgeni, Mzungu, suruali imejaa vumbi la safari. Dresa, msaidizi wa hospitali, mtu wa pwani kama sisi, alitueleza kwamba bwana huyu anazunguka hospitali hadi hospitali akitafuta watoto waliovimba taya. Mama alitabasamu, nami sikuwa nimeyaona meno yake siku nyingi. Mtu hawezi kutoka mbali kote huko kutafuta ugonjwa kama hana dawa yake. Nami niliwaza hivyohivyo.

Daktari alimpapasa Sudi shingo, akambonyeza tumbo, akampiga picha. Kisha akauliza, dresa akitafsiri: mnakaa wapi? Kuna vilima? Mvua nyingi? Mbu je? Mama alijibu huku akilisubiri swali moja tu, nalo haliji. Mwishowe alishindwa.

"Mwambie yalianza ya juu. Mwambie mimi ndiye niliyemficha."

Dresa alielewa. Alipotafsiri, daktari aliuliza tena, akatikisa kichwa.

"Anasema si meno, mama. Wala si kosa lako."

"Basi ni nini?"

"Anasema bado hajui."

"Na dawa?"

Dresa hakutafsiri hilo. Daktari alilielewa hivyohivyo. Aliinama, akamfunga Sudi vifungo vya shati, kimoja kimoja, polepole mno.

Mama hakumwamini. Asiyejua ni nini, atajuaje kwamba si meno? Sudi alifariki kabla ya mvua za vuli. Wanawake walilia, mama akakaa mkekani, macho makavu.

Miaka ilipita, nikawa muuguzi Dar es Salaam. Akaletwa mtoto kutoka Mkange, taya lake ni la Sudi hasa. Akachomwa sindano. Wallahi, uvimbe ule uliyeyuka siku baada ya siku, mpaka mtoto akaomba muwa. Daktari wa wodi yetu alitufundisha kwamba ile ni saratani ya tezi, inayopenda nchi za joto na mvua, na kwamba ilijulikana kwa sababu ya mtafiti mmoja aliyezunguka akiuliza watoto wanatoka wapi. Kupona kwa watoto hao, alisema, kumewatia moyo hata wanaotibu saratani ya damu. Kama ni yule bwana wa vumbi, sikupata kujua.

Nilikwenda nyumbani mbio, nimtue mama mzigo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sikumuua mimi."

"Hukumuua, mama."

Akashusha pumzi, nami nikafurahi. Kisha akauliza, "Na huyo wa Mkange, anatafuna?"

"Anatafuna."

Hapo ndipo mama alipolia kilio ambacho hakulia msibani. Nilikuwa mtu mzima, na bado sikuelewa. Nilidhani ni cha faraja. Nimekuja kuelewa baada ya kuzaa wangu. Lile kosa lake lilikuwa limempa sababu ya kifo cha mwanawe, nami nikamnyang'anya. Nikamwachia hili tu, kwamba Sudi alizaliwa mapema mno, sindano ile haijaja.